Moshi wa Mzee Muasya

Mwaka wa tisini na sita, Aluoch aliajiriwa na mradi wa chuo kikuu uliopima hewa ya Nairobi. Alizunguka mitaa ya Eastlands akibadilisha karatasi katika mashine zilizofungwa juu ya mapaa. Mashine ilivuta hewa mchana kutwa. Vumbi na masizi yakanaswa kwenye karatasi, na mrija wa pembeni ukapima hewa ya ukaa.

Katika mtaa wa Komarock mashine ilikaa juu ya nyumba ya Mzee Muasya, landlodi wa ploti ya vyumba vya kupangisha, aliyependa kuwaonyesha wageni "kifaa cha serikali". Mwanzoni karatasi zilitoka za kijivu, kama za mitaa mingine. Kisha asubuhi moja Aluoch akafungua kifuniko, harufu ikampiga usoni. Karatasi ilikuwa nyeusi tii, imelowa mafuta mazito yaliyomnata kidoleni kama kamasi. Alijipangusa kwenye paa, hayakutoka. Mate yakamjaa mdomoni, akatema.

Akachungulia nyuma ya ploti. Mzee Muasya alikuwa akichokora rundo la nyaya za umeme lililokuwa likiwaka. Mpira ukiisha kuungua, shaba inabaki, na shaba haikosi mnunuzi.

"Mzee, unachoma nini hapo?"

"Takataka tu, binti yangu. Kwani mashine imelalamika?"

"Huu moshi unaingia kwa nyumba za watu!"

"Basi izime siku ninazochoma. Nyinyi mtaandika hewa safi, mimi nitapata shaba yangu. Nani ataumia?"

Alisema hivyo akicheka, masizi yamemjaa kwenye mikunjo ya shingo. Aluoch alimwonea kinyaa kuliko ile karatasi.

Akashuka na karatasi hadi uani. Mpangaji mmoja, Koki, alikuwa amebeba mtoto mgongoni, akirudia kufua majoho meupe ya kwaya yaliyokuwa na madoadoa.

"Sabuni za siku hizi ni bure kabisa," Koki akalalamika.

"Si sabuni, dada. Angalia. Hii ndiyo hewa ya hapa tangu jana."

Koki akaishika karatasi, akainusa, akakunja uso. Akageuza shingo kumtazama mtoto wake. Kamasi lililomtoka puani lilikuwa na michirizi myeusi.

"Kumbe ndiyo haya tunayomeza?"

Hakungoja jibu. Alinyanyua karai la maji ya kufulia, akaenda nyuma ya ploti na kuyamwaga motoni. Wapangaji wengine wakamfuata na ndoo zao. Mzee Muasya alirukaruka kwenye tope jeusi, akiapa kwamba wote watahama.

Hakuna aliyehama. Ila mashine Mzee aliitupa chini, na Aluoch akaikuta uani mguu mmoja umepinda. Koki akamsaidia kuinyoosha, wakaifunga nje ya dirisha la Koki. Mzee hakuthubutu kuigusa tena.

Karatasi za Komarock zikarudi kuwa za kijivu, na mkuu wa mradi akafurahi. Lakini Aluoch hakuridhika. Alikuwa amemwona Mzee Muasya akisukuma mkokoteni wa nyaya kwenda kuzichomea mtoni, mahali kina mama walipolima na kuuza mboga za sukuma wiki. Majani yale sasa yalikuwa na utando wa masizi, na watu waliyanunua vivyo hivyo.

Akamsumbua mkuu wake mpaka akakubali mashine nyingine iwekwe pale. Siku walipoifunga, wauza sukuma waliacha biashara wakaizunguka, na Aluoch akaanza kuwaeleza moshi wa Mzee ulivyokuwa ukitua kwenye mboga zao.