Maksai Wawili wa Kulia

Nina maksai wawili wa kulimia na wote ni wa kulia. Wa kushoto sina, na mvua ya mpunga imeshakata.

Kwa asiyelima na ng'ombe nitaeleza. Maksai akifundishwa nira hufundishwa upande mmoja, na huo ndio upande wake mpaka anazeeka. Wa kulia ukimweka kushoto anakuwa kama mtu aliyeingia nyumba siyo yake. Hili kila mtu hapa Mwamapalala analijua. Mimi nalijua tangu nilipoacha shule darasa la tano ili nikalime. Sasa sikiliza nilivyolisahau.

Gloria, mdogo wake mke wangu, ana kazi ya ofisini Bariadi mjini. Mwaka mpya alikuja kwetu na mambo ya semina. Tulipomaliza kula wali akatuambia tufunge macho, tuuone mwaka wetu kama picha.

"Ila lengo liwe la kweli," akasema. "Shemeji, usije ukaona helikopta."

Alianza Minza, mke wangu. Akafumba macho kidogo tu, akafumbua.

"Naona majaruba mawili ya mpunga yamepandwa."

"Mawili tu?" nikamuuliza. "Picha ni bure, mama. Ongeza."

"Mawili ndiyo nitakayoweza kupalilia. Na mchele wake unatosha nisirudi kwa Luhaga na bakuli."

Luhaga ni jirani yetu. Mwaka juzi mpunga wetu ulikauka, Minza akaenda kwake kuomba mchele, naye akampimia huku akiwahadithia waliopita njiani. Minza alisema hataenda tena hata tukila mlenda mtupu.

Nikafumba macho yangu. Nilimwona Mwenyekiti, maksai wangu mwekundu. Mwenzake, Diwani, alikufa Oktoba, kwa hiyo pembeni yake nikaona maksai mpya, mweusi, ana baka jeupe kwenye paji. Nikajiona mimi nimeshika plau, nimevaa shati la Krismasi, nacheka. Majaruba sita yamelimwa. Luhaga amesimama kwenye tuta, mdomo wazi.

"Ona vizuri," Gloria akasema. "Rangi. Nani yuko upande gani."

"Mwekundu kushoto, mweusi kulia," nikajibu haraka, kama mwanafunzi aliyewahi kufaulu.

Nilijisifu sana siku ile. Wenzangu wangeona gari. Mimi niliona ng'ombe mmoja tu. Nikadhani huo ndio ukweli wa lengo aliousema Gloria.

Mnada uliofuata nikaenda na mtamba wangu mmoja na mbuzi wawili wa Minza, kubadilisha. Minza alikuwa ameniambia mlangoni, "Baba Kija, wa kushoto, eeh?" Nikamjibu asinivurugie picha.

Nikamkuta mzee mmoja, Ndalahwa, ana maksai mweusi mwenye baka jeupe. Yule yule!

"Mwangaluka, mzee," nikamwamkia. "Huyu anauzwa?"

"Anauzwa. Ila ni wa kulia. Wewe unatafuta upande gani?"

Nimelima na Mwenyekiti miaka sita. Ningeiuliza mikono yangu ingenijibu. Badala yake nikafumba macho pale pale, katikati ya mavi ya ng'ombe, nikaiuliza picha.

"Wa kulia," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nimeshamwona analima."

"Umemwona wapi? Huyu ametoka Nkoma juzi."

"Kichwani."

Ndalahwa akakitazama kichwa changu, akawatazama mtamba na mbuzi, akakubali upesi kuliko inavyofaa. Maksai nikamwita Waziri.

Asubuhi ya kulima Minza akashika kamba mbele, mimi plau nyuma, na shati la Krismasi nimelivaa. Mwenyekiti alijiweka kulia mwenyewe bila kuambiwa. Waziri naye akaja kulia. Nikamsukuma kushoto. Akazunguka nyuma yangu, akarudi kulia. Nikamfunga nira kwa nguvu upande wa kushoto. Akapiga hatua, akageuka kumfuata mwenzake, nira ikajipinda, plau ikaniangukia mguuni. Nikabadilisha, Mwenyekiti kushoto. Huyo hakugombana na mtu. Alilala kwenye tope.

Luhaga alikuwa amesimama kwenye tuta, mdomo wazi. Hapo picha haikukosea.

"Jirani!" akaita. "Hao unawalimisha au unawafungisha ndoa?"

Minza hakucheka. Aliachia kamba, akaja akasimama karibu yangu.

"Kwenye picha yako, uso wako uliuona?"

"Niliuona. Nilikuwa nacheka."

"Mtu anayelima huona uso wake?"

Nikainama kufuta tope kwenye shati.

"Anaona makalio ya ng'ombe, Baba Kija. Wewe ulikuwa umesimama kule." Akaonyesha kwa kidevu pale aliposimama Luhaga. "Ulikuwa unajitazama kwa mbele. Ndiyo maana kulia kwako kukawa kushoto."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima ninaupanga, nimejiweka kwenye macho ya Luhaga.

Ndalahwa hakuonekana tena mnadani, na maksai wa kushoto mwezi wa kwanza huwezi kumpata, kila mtu anaye shambani. Wa karibu alikuwa mmoja, wa Luhaga. Nikaenda mwenyewe, Minza sikumtuma.

"Nakupa," Luhaga akasema. "Ila tuanze kwangu. Na uje na lile shati, limenipendeza."

Nikalima majaruba yake yote na Waziri wangu upande wa kulia na maksai wake upande wa kushoto. Walikwenda vizuri kama wale wa kwenye picha, na watu walisimama kututazama. Zamu yangu ilipofika tukamaliza jaruba moja, mvua ikakata, tope likawa tofali.

Jana jioni nikafumba macho tena. Safari hii nilisimama nyuma ya plau. Niliona mikia miwili, na mbele yake Minza na kamba. Sikuona zaidi ya hapo. Nadhani hivyo ndivyo alivyoona yeye siku ile ya Gloria.

Hesabu ni hii. Mtamba mmoja. Mbuzi wawili, wa Minza. Ukucha wa dole gumba, mguu wa kushoto. Shati moja la Krismasi, tope halijatoka. Minza aliona majaruba mawili, mimi niliona sita, tumepanda moja. Mchele wake utatufikisha Septemba. Kuanzia Oktoba bakuli litakwenda kwa Luhaga, na atakayelibeba ni mimi.