Watoto wa Mlango wa Nyuma

Pale idara ya mipango ya manispaa walimwita Bi Asilimia, na jina lenyewe alilipenda. Ukimuuliza kama ameshiba, atakwambia asilimia sitini. Ndiye aliyezichambua namba za sensa: mtaa gani una wazee wengi, shule ijengwe wapi, bomba la maji lipite wapi. Hata wafanyabiashara walimpigia hodi. Mwenye duka la maziwa na nepi za watoto alipotaka kufungua tawi nyuma ya kiwanda cha sabuni, kwenye mtaa wa vyumba vya kupanga, alimjibu bila kupepesa macho, "Huko usijisumbue. Watoto ni wachache."

Sensa ilisema mtaa ule una watoto mia mbili na kumi na wanne walio chini ya miaka mitano, na Bi Asilimia aliiamini sensa kuliko macho yake. Kwa hiyo taarifa ya zahanati ya mtaa ilipofika mezani kwake, ikidai kuwa watoto mia tatu tisini na mmoja wamechanjwa, alicheka peke yake. Asilimia mia moja themanini na tatu! Akaandika kwa wino mwekundu kwamba muuguzi anapika namba. Wiki iliyofuata muuguzi alisimamishwa kazi, na kamati ya mipango ikaamua kwamba zahanati ifungwe, mizani na friji ya chanjo vihamishiwe kwingine. Kilichobaki ni kikao cha Alhamisi cha kupitisha uamuzi.

Jumapili alikwenda kumwona dada yake, aliyekuwa amehamia mtaa huohuo mwaka juzi. Aibu yake ni kwamba hakuwahi kukanyaga huko. Siku zote dada ndiye aliyepanda kwake, na Bi Asilimia ndiye aliyekuwa na shughuli. Siku hiyo alipitia ofisini kwanza, akafika akiwa na faili kwapani.

Alipovuka tu lango, mwanamke mmoja aliyekuwa akifua aligonga ndoo mara tatu. Ua ulikuwa umejaa watoto. Kufumba na kufumbua, ua ukawa mweupe. Walitoka kwa mlango wa nyuma kimyakimya, wakubwa wamewabeba wadogo, hakuna aliyelia wala aliyeuliza kitu. Wa mwisho kutoka alikuwa binti wa dada yake wa miaka minne, kiatu kimoja mguuni. Alimwona mamake mdogo, akamtazama kama asiyemjua, akapotea.

"Ungekuja bila hilo faili," dada alisema mlangoni. "Umetutia kiwewe bure."

"Dada, nini hiki?"

Dada alimwonyesha ukuta kwa kidevu. Palikuwa na maandishi ya rangi nyeusi: CHUMBA KIMOJA, WATOTO WAWILI. Mwenye vyumba alisema choo na maji haviwezi kubeba zaidi, na ukikutwa na wa tatu unafungasha siku hiyohiyo. Basi kila anapoingia mtu mwenye karatasi, ndoo inagongwa.

"Hata makarani wa sensa?"

"Hao ndio hasa! Aliyekuja kwangu alinihesabia wawili, nikamshukuru, akaenda zake." Dada alicheka, kisha akauona uso wa mdogo wake. "Kwani umefanya nini?"

Bi Asilimia alimweleza. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Dada alimsikiliza hadi mwisho, akiwa amemshika mkono kitindamimba wake aliyekwisharudi kwa mlango wa nyuma, ambaye kwa serikali hakuwa amezaliwa.

"Rekebisha," alisema. "Watoto wakose chanjo kwa sababu ya kalamu yako? Rekebisha. Ila mimi usinitaje. Nimehangaika miezi mitano kupata chumba hiki."

"Sikutaji, dada."

Jumatatu alimfuata muuguzi nyumbani kwake, akamkuta anaanika nguo. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Muuguzi alimpa kiti, akaenda ndani, akarudi na daftari lake la chanjo. Majina yote mia tatu tisini na moja yalikuwemo, tarehe zote, jina la kila mama. Safu ya makazi tu ndiyo ilikuwa tupu.

"Ungejaza hapa usingesimamishwa," Bi Asilimia alisema.

"Mwenye vile vyumba ni nani?"

"Diwani."

"Na diwani anakaa kamati gani?"

Bi Asilimia alikuwa akimwona kila mwezi, ng'ambo ya meza ya kamati ya mipango, akimimina chai.

"Nikiandika namba ya chumba, nimemwandikia yeye orodha ya watu wa kufukuza," muuguzi alisema. "Kazi yangu ni kuchanja. Na wewe Alhamisi ukisimama, shika hapo hapo. Sema namba si sahihi, uombe sensa irudiwe. Nyumba ya mtu usiitaje."

Alhamisi alisimama mbele ya kamati. Alisema kosa ni lake. Alisema chanjo ikipita asilimia mia, kabla ya kumshika mchanjaji mwizi, mtu aulize nani hakuhesabiwa. Hilo analijua tangu chuo, na kiburi ndicho kilichomsahaulisha. Aliomba mtaa uhesabiwe upya. Wajumbe walitazamana. Hawakuwa wamezoea kumsikia Bi Asilimia akikosea.

"Kuhesabu upya ni mwaka mzima," mwenyekiti alisema. "Lori la kuhamisha vifaa liko nje."

Diwani alitabasamu. "Mimi vyumba vyangu navijua. Watoto wawiliwawili. Kama wapo wengine, mama, tuonyeshe. Au na wewe siku hizi unapika?"

Watu wakaangua kicheko. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuicheka namba ya Bi Asilimia.

"Chumba kimoja tu," mwenyekiti alisema kwa upole. "Tupe kimoja, tulirudishe lori."

Alifikiria kusema hapana. Baadaye aliapa kwamba alifikiria. Lakini kicheko kilikuwa bado masikioni, na jibu alikuwa nalo, sahihi kabisa, na maisha yake yote hakuwahi kuwa na jibu sahihi akalinyamazia.

"Namba tisa," alisema. "Watatu. Ni watoto wa dada yangu."

Diwani aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaikunja. Lori lilirudishwa. Muuguzi alirejeshwa kazini kwa barua yenye mhuri.

Ijumaa asubuhi magodoro ya dada yalikuwa nje ya lango. Bi Asilimia alifika mbio, akashika ncha ya meza amsaidie kupakia mkokoteni. Dada aliivuta meza ikamtoka mikononi. Bi Asilimia alisema, "Twende kwangu, dada, kuna nafasi," na dada akawapanga watoto mbele ya mkokoteni, mmoja, wawili, watatu, hadharani, akaondoka nao.

Jumanne ilikuwa siku ya chanjo. Bi Asilimia aliomba ruhusa kazini, akaenda zahanati akitaka angalau kitu kimoja kimpoze roho. Friji ilikuwa inanguruma. Mizani ilikuwa inaning'inia mahali pake, imefutwa vumbi. Mabenchi yote manne yalikuwa matupu, isipokuwa mama mmoja mwenye mapacha, ambao, kwa kuwa ni wawili tu, walikuwa halali.

"Wamechelewa leo," Bi Asilimia alisema.

"Hawaji," muuguzi alisema. "Kila mtu ameona magodoro ya dada yako. Wanasema mtoto akija hapa anaandikwa, na akiandikwa, mama yake analala nje."

Alimchoma sindano pacha wa kwanza, kisha wa pili, akawabembeleza mpaka wakanyamaza. Akafungua daftari, akaandika majina mawili, akalisukuma kwa Bi Asilimia.

"Njoo upige hesabu," alisema. "Mwezi huu hatutapita mia."