Silinda Hedi Ilikuwa Halali

Katika mzunguko wa mwisho, Harlan Tackett alimsukuma dada yangu ukutani. Naandika "alimsukuma" kwa adabu niliyofundishwa bwenini kwa mapadri. Ukweli ni kwamba alilichomeka bampa lake nyuma ya gurudumu la Twyla pale kwenye kona, akakanyaga mafuta, na gari la dada likapanda ukuta wa zege, likausugua huku likitema cheche, kisha likashuka na magurudumu matatu. La nne liliruka uzio na kubomoa kibanda cha soda. Twyla hakusimama. Alivuka mstari akiwa wa tatu, gari likichimba udongo kama jembe, mkono wake wa kushoto ukining'inia, umevunjika.

Watazamaji wa uwanja wetu wa mbio, Pokeberry, walisimama kushangilia. Kwetu Kentucky, kumgonga mtu kwa gari la tani moja na nusu ni mashindano. Kumgonga kwa ngumi baada ya bendera ya kumaliza mbio ni kosa, na timu nzima hufutiwa matokeo ya siku. Kanuni hiyo imechapishwa wazi, jirani na ile inayokataza kuleta mbuzi.

Zilikuwa mbio za mwisho za msimu. Kwa ushindi ule Harlan alikuwa bingwa, akimzidi Twyla pointi mbili tu. Na baba alikuwa ameshasema: bila ubingwa, gari linauzwa Jumatatu, Twyla anarudi kukata nyama buchani kwa shangazi.

"Hobart," dada aliniambia, akitema udongo, "kalete ile bahasha."

Ndani yake mlikuwa na ada ya malalamiko. Ukishuku injini ya mwenzio, unalipa dola mia tano ndani ya robo saa baada ya mbio, unataja kifaa kimoja, na mkaguzi anakipima mbele yenu. Kikiwa haramu, mwenzio anafutwa na hela zako zinarudi. Kikiwa halali, hela ni zake.

"Silinda hedi," Twyla alimwambia mkaguzi. "Lile gari linavuta kama shetani. Wameichonga hedi."

Mkaguzi wetu, Mzee Estill Combs, aliwahi kumfuta mkwe wake kwa sababu ya skrubu. Aliitikia kwa kichwa, akachukua bahasha.

Katika banda la ukaguzi huingia dereva na mtu wake mmoja. Kwa hiyo tulikuwa watano: Mzee Estill, Twyla na mimi, Harlan na mdogo wake Boyd, fundi aliyeiunda injini ile, mwenye shingo pana kuliko kichwa. Boyd alifungua bolti huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Hapo tulipaswa kushtuka.

Hedi, kile kifuniko kizito cha chuma juu ya injini, ikanyanyuliwa. Mzee Estill akaipima huku na huku, akaipapasa kama anayenunua farasi.

"Halali."

Lakini chini yake pistoni zilikuwa zinatutazama. Kanuni inataka pistoni bapa, kama sahani. Hizi zilikuwa zimetuna, zinang'aa, kama vipara vya wazee wa kanisa waliojipanga mstari wa mbele.

"Mzee!" Twyla alipiga kelele. "Si unaziona hizo pistoni?"

"Naziona."

"Ni haramu!"

"Haramu kabisa. Lakini hukulalamikia pistoni, mwanangu. Umelalamikia hedi. Na robo saa imeshapita."

Harlan alicheka mpaka akashika ubavu. "Pole, Twyla. Nitakuja buchani Jumanne. Mimi napenda steki nene, usisahau."

Twyla akaokota spana ndefu kwa mkono wake mzima. Macho yale nayafahamu. Aliyekuwa mchumba wake anayafahamu zaidi, iulizeni pua yake. Ilikuwa dhahiri kwamba mtu angepigwa bandani mle. Lililobaki kuamuliwa ni nani angeanza. Nikajipenyeza katikati, nikakohoa kama mkuu wa shule kabla ya kusoma majina ya walioadhibiwa.

"Ndugu Boyd, naomba nikupongeze."

"Toka hapa, we mtoto wa mapadri."

"Pistoni zote hizi za wizi, kaka yako kakanyaga mafuta mpaka sakafuni, na bado mmemwacha msichana wa mkono mmoja na magurudumu matatu kwa urefu wa boneti mbili. Mimi ningezirudisha dukani. Au labda pistoni hazina shida. Labda ni fundi."

"Nilizifunga mwenyewe hizo," Boyd alisema polepole.

"Inaonekana."

Ngumi yake ilinipata mdomoni. Niliona nyota, kisha sakafu, kisha kiatu chake kikija mbavuni. Kikaja tena. Twyla akainua spana juu ya kisogo cha Boyd. Nikatambaa, nikaukumbatia mguu wa dada kwa mikono miwili.

"Usimguse!" nilibweka, damu ikinitoka mdomoni. "Dada, usimguse!"

Boyd akainyanyua ile hedi kutoka mezani na kunibwagia begani. Nilisikia mtulinga wangu ukikatika. Hedi ilikuwa halali, lakini nzito.

Twyla alitoa sauti ambayo sijaisikia tena, akaishusha spana kwa nguvu zake zote. Juu ya meza. Mbao zilipasuka, vipimo vya Mzee Estill vikaruka kila upande. Boyd hakuguswa hata unywele.

"Umemaliza, Boyd?" mzee aliuliza.

"Bado." Akanipiga teke moja zaidi. "Sasa nimemaliza."

"Vizuri. Timu ya Tackett, kwa kupiga mtu baada ya bendera, matokeo ya leo yamefutwa. Bingwa ni Twyla."

Harlan aliacha kucheka. Akachukua mpini wa jeki na kumpiga nao mdogo wake gotini. Boyd akamng'ata sikio. Walitoka wamekumbatiana, wakiwa wameung'oa mlango pamoja na bawaba zake, na walipochoka wote wawili walikuwa wamelala kwenye tope, Harlan akitafuta kipande cha sikio lake. Mzee Estill akainama, akamchomeka Harlan bahasha yetu mfukoni.

"Chukua. Hedi yako ilikuwa halali."

Twyla aliketi sakafuni kando yangu, bado ameishika spana.

"Meno mangapi?"

"Mawili. Ya mbele."

"Afadhali," alisema, akanifuta damu kwa mkono wa ovaroli yake. "Bila meno hayo, Jumatatu utanipigia kelele kidogo tu nikitengeneza gari letu."