Doa Lililokunjwa

Mkaa ulishashika ndani ya pasi, lakini mezani palikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni tu, na hayo nayo mwenye nyumba hiyo alikuwa amesimama mlangoni kuyachukua.

"Yakunje hivyo hivyo."

"Mama, bado mabichi."

"Yatakaukia huko ninakoyapeleka."

Dobi akaitua pasi. Mashuka hayo ndiyo yaliyomlipia kodi ya kibanda. Nguo za wateja wengine zilikuwa za kitoweo tu.

"Nimekukosea nini, mama?"

Mama akaingiza mkono mkobani. Alitoa simu, akamsogezea usoni. Dobi akajiona mwenyewe, kanyanyua pakiti ya sabuni, meno yote nje: "Zamani nilikuwa nawaharibia watu nguo. Doa likigoma, nalikunjia ndani. Sasa nimeokoka!" Chini ya video hiyo watu walikuwa wamecheka mpaka basi.

"Wageni wangu wameiona," mama alisema. "Jana mmoja kafunua kitanda chote, anatafuta doa."

"Yale maneno nilipewa tu."

"Na ukayasema."

Akabeba mashuka yake, akaondoka.

Ni kweli aliyasema. Dada wa kampuni ya sabuni alikuja na vijana na taa zao, akamwita baba, akamvisha aproni mpya. Mara ya kwanza Dobi alisema la moyoni: kwamba amefua tangu ujana, na sabuni yao nayo si mbaya. Dada akacheka. "Baba, hiyo haiuzi. Watu wanampenda aliyekuwa na shida." Akampa yale maneno ya doa. Mkewe, aliyekuwa akianika uani, alimvuta pembeni: "Mume wangu, hayo unayatamka kwa mdomo wako mwenyewe." Naye akajibu kwa kiburi kuwa ni mchezo wa simu tu, nani atauchukulia maanani? Walimwachia katoni ya sabuni na aproni.

Akampigia yule dada.

"Baba! Umekuwa staa! Huku ofisini wote wanaigiza sauti yako."

"Ifuteni, mwanangu. Wateja wananikimbia."

"Kufuta haiwezekani. Ile ni mali ya kampuni sasa."

"Basi njooni nirudie. Niseme ukweli."

"Ukweli upi, baba?"

Dobi akaitazama meza tupu. Simu ikakatika.

Jioni wasichana wawili walisimama barabarani wakisukumana. "Si ndiye? Yule wa kukunja!"

"Karibuni, wanangu. Mna nguo za kufua?"

"Kwako?" Wakaangua kicheko. "Tunataka picha tu. Tusemee yale maneno, babu."

Hata umri wa babu hakuwa ameufikia. Akawageuzia mgongo, akavua shati lake jeupe, akabaki na fulana. Mkaa ulikuwa umebaki kidogo. Akalipiga pasi shati lile kama la bwana harusi: kola, mikono, makwapa. Kisha akalitundika mlangoni likiwa wazi, makwapa yameelekea barabarani, kila mpita njia aone halina doa.

"Lipigeni picha hili," alisema. "Likagueni mtakavyo."

Msichana mwenye simu akalitazama, akasubiri kidogo labda kuna kichekesho kinakuja. Hakikuja. Akaitumbukiza simu mkobani, wakaendelea na safari yao.