Alikozaliwa Petit Courant

Sikatai, mimi ni mtu wa ubishi. Mke wangu husema ninaweza kubishana hata na redio, na kweli amewahi kunikuta nikifanya hivyo, kwa sababu mtangazaji alikuwa amemtaja mpiga besi ambaye hakuwepo siku wimbo ulipopigwa. Kuna watu wamejaliwa kuimba, wengine kulima. Mimi Kalenga, karani wa ghala, nimejaliwa kujua maisha ya wanamuziki: nani alihama orkestra gani mwaka gani, nani alimchukulia nani mke, gita lipi lilivunjwa jukwaani na nani aliyelivunja. Muulize mtu yeyote wa Kapata, mtaa wetu hapa Kolwezi.

Habari hii ni ya Machi 1993. Nitaisimulia nikiwa nimesimama, maana nikikaa nayo miguu inaniwasha.

Kila Jumapili baada ya misa tulikutana uani kwa mama Mado, aliyeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Tulikuwa wanne. Muteba alikuwa mchimbaji, Mlunda wa upande wa Sandoa, mtu wa sauti kubwa ambaye kaka yake alikuwa kiongozi mdogo wa vijana wa chama. Sadiki alikuwa na lori, na kila mji aliopita alirudi na kaseti. Wa nne alikuwa Louis Kabeya, rafiki yangu.

Louis alikuwa bobineur kwenye karakana ya umeme ya kampuni ya mgodi. Mota ikiungua, yeye ndiye aliyeifumua na kuisuka upya kwa waya wa shaba. Waya mwembamba uliobaki aliuzungushia sumaku, akatengeneza micro za gita, yaani kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Orkestra za Kolwezi, hata za Likasi, zilipiga kwa micro za Louis. Alihesabu mizunguko kwa mdomo, elfu sita, elfu saba, na ukimsalimu katikati hakuitikia. Alikuwa mpole hivyo hivyo katika kila jambo. Mtu akisema uongo juu ya gita mbele yake, yeye alitabasamu tu, na mimi ndiye niliyechemka kwa niaba yake.

Kwa mama Mado tulikuwa na sheria moja, kwamba siasa haizungumzwi. Mwaka ule ilikuwa sheria ngumu kuliko mfungo wa Kwaresima. Mgodi ulikuwa karibu umesimama. Barabarani vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba wakiwatoa watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, watu waliozaliwa hapa na kubatizwa hapa, wakiambiwa warudi kwao. Stesheni ilikuwa imejaa familia. Sisi tukazungumza magita. Tulizungumza haraka haraka, tukikatizana, na filimbi yao ikilia mtaani kila mmoja aligeuka kutazama uzio, kisha akageuka tena kana kwamba hakusikia. Tulikuwa na hofu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Louis hakuwa ameguswa, kwa sababu jina la Kabeya liko pande zote mbili. Wapo akina Kabeya wa Kabongo, kaskazini ya mkoa wetu wa Katanga, na wapo akina Kabeya wa Kasai. Watu walimweka na wale wa Kabongo bila hata kumwuliza, naye hakuwasahihisha. Ni mimi tu niliyejua.

Nilijuaje? Kwa sababu ya Petit Courant. Huyo alikuwa mpiga solo wa orkestra ya Kisenge, kule kwenye mji wa manganizi, na alikufa kijana, mwaka 1981. Sisi wanne tulimpenda kuliko tulivyowapenda wajomba zetu. Miaka sita kabla ya siku ninazozisimulia, tukiwa wawili tu karakanani na kaseti yake ikipigwa, Louis aliacha kuhesabu waya akaniambia: "Tata yangu na tata ya Petit Courant balitokaka mugini moya, pembeni ya Luputa, kule Kasai. Balifikaka na treni moya kutafuta kazi, Petit Courant eko mutoto mudogo. Mais Kalenga, hii ibakie kwetu babili."

Baba zao wawili walikuwa wa kijiji kimoja cha Kasai! Niliapa. Lakini mpenzi wa muziki ni mgonjwa wa aina yake. Mimi sikusikia siri ya Louis pale. Nilisikia habari ya Petit Courant, tena habari ambayo hakuna mwingine Kolwezi nzima aliyekuwa nayo. Kwa miaka sita ilinikaa mdomoni.

Jumapili ile Sadiki alileta kaseti ya tamasha la Kisenge la 1974. Tulikuwa tunaitafuta tangu zamani. Sauti ilikuwa mbovu, watu walikohoa ndani yake, lakini gita lilipoingia mama Mado mwenyewe aliacha kuosha vikombe.

"Anapiga na vidole bibili tu," alisema Sadiki. "Gumba na hiki."

"Bitatu," nilisema. "Kile kidole cha katikati kilivunjikaka 1972, mlango wa gari ulikifinya. Mbele ya kuvunjika alipiga na bitatu, kisha na bibili, mpaka kikapona. Hapa kimepona. Sikiliza."

"Na gita? Ile nyekundu?" aliuliza Sadiki.

"Nyeusi. Nyekundu alimuachiaka mudogo yake."

Louis aliinamisha kichwa karibu na spika. "Micro yake ilikuwa na waya kidogo," alisema taratibu. "Njo maana inalia juu vile. Kama mi ningemutengenezeaka, ningeongeza mizunguko mia tano."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka vizuri, na kwa muda kidogo hakuna aliyetazama uzio.

Kisha Muteba akapiga paja lake. "Sikia ile gumba! Mutu wa Kasai hawezi kupiga vile, hata umufunze miaka kumi. Hii ni damu ya hapa. Petit Courant ni mutoto wa Kisenge, alizaliwaka Kisenge, alizikwaka Kisenge."

"Alizikwaka Kisenge, ndiyo," nilisema. "Hakuzaliwaka kule."

"Ah bon? Alizaliwaka wapi?"

Louis alinitazama. Alitikisa kichwa kidogo sana, hivi. Nimejitetea kwa mambo mengi maishani mwangu, lakini hapo sijitetei. Nilimwona.

Ningenyamaza. Nakuambia nilikuwa nimeanza kunyamaza. Lakini Muteba alicheka akasema, "Karani, ni buku yako ya ghala njo ilikuambia?" Sadiki akacheka. Mama Mado akacheka. Mimi, Kalenga, kuchekwa juu ya Petit Courant! Damu ilinipanda kichwani.

"Alizaliwaka Luputa!" nilipiga kelele. "Kasai! Alifikaka huku na treni, eko mutoto mudogo. Na mushuhuda eko hapa! Muulizeni Louis. Tata yake na tata ya Petit Courant balitokaka mugini moya!"

Sadiki alinyoosha mkono akaizima kaseti.

Aibu yangu kubwa ni hii: kwa muda wa pumzi moja au mbili nilifurahi. Muteba alibaki mdomo wazi. Nilikuwa nimemweza.

"Louis," alisema Muteba, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "ni kweli?"

Louis alifuta mdomo kwa kiganja. "Mama Mado, aksanti kwa munkoyo," alisema, akainuka, akatoka.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilitembea kutoka mwanzo wa Kapata hadi mwisho wake, nikapita mbele ya nyumba ya Louis mara nne bila kubisha. Nyumba za kampuni zinafanana zote, zimepangwa kwa mistari, na siku hiyo nilizihesabu kama mtu aliyepotea. Nilikuwa najiambia Muteba hatasema. Muteba ni mtu wetu. Jumanne nikabisha.

Adolphine, mke wa Louis, alinifungulia, hakuniambia karibu. Alisema, "Asubui mutu alikuya. Hakusalimia. Alipima salon na miguu, moya, mbili, tatu, mpaka kwa ukuta. Kisha akapima chumba ya batoto. Akaenda." Alikuwa anajipimia nyumba atakayopewa wakifukuzwa.

Louis alikuwa mezani na koili ya waya mbele yake. Hakuwa akisuka chochote.

"Nitaenda kwa bale bijana," nilimwambia. "Nitasema nilidanganya. Nitasema nilitunga ili nimushinde Muteba. Kabeya ni jina la Kabongo pia, nani atajua?"

Aliisogeza koili kando. "Weye? Useme mbele ya batu kama ulikosea juu ya Petit Courant?"

"Nitasema."

Karibu atabasamu. Afadhali angenipiga.

Alhamisi vijana wa chama waliita mkutano kwenye kiwanja cha mpira. Mkubwa wa vijana alikuwa na filimbi shingoni na daftari la majina. Walipomwita Louis mbele, niliinua mkono, nikaenda nikasimama kando yake. Nilisema mbele ya Kapata nzima kwamba mimi ni mwongo. Nilisema Petit Courant alizaliwa Kisenge kama Muteba alivyosema, kwamba nilikuwa nimelewa, kwamba Louis Kabeya ni wa Kabongo na nimeijua familia yake tangu utoto. Watu walinizomea. Muteba alikuwa pale, kando ya kaka yake, akitazama viatu vyake. Baadaye aliniambia alikuwa amemwambia kaka huyo peke yake, kwa siri.

Na walikuwa wanaelekea kukubali! Yule mwenye filimbi alikuwa tayari ameinua kalamu kufuta jina. "Muzuri," alisema. "Kama eko mutu wa hapa, tunafurahi. Jirani yako Mulumba anakatala kutoka mu nyumba. Kesho asubui utaenda na shiye kumutosha inje. Weye njo utaingia wa kwanza."

Mulumba alikuwa mzee wa Kasai, ndiye aliyemfundisha Louis kazi ya kusuka mota. Nyumba zao ziligusana ukuta.

"Sema ndiyo," nilimnong'oneza Louis. "Sema tu ndiyo, kesho utakuwa mugonjwa."

Nilimwona akihesabu kwa midomo, kama alivyofanya na waya, ila sijui alihesabu nini. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma waliisikia:

"Kalenga hakudanganya siku ya Jumapili. Anadanganya leo. Tata yangu alitokaka Luputa."

Wapo waliopiga makofi. Mtu mmoja nyuma yangu, mpenzi wa muziki ninayemfahamu, alisema, "Kumbe Kalenga alisema kweli, Petit Courant ni wa kule." Nikatamani ardhi inimeze.

Wakawapa akina Louis mpaka kesho yake saa sita wawe wametoka. Sadiki aliwapeleka stesheni kwa lori lake: Louis, Adolphine, watoto watatu, mzee Mulumba na vitanda viwili. Nilipakia mizigo pamoja nao. Sadiki alinielekeza kwa kidole pa kushika.

Walikaa stesheni siku kumi na tisa wakingoja behewa. Nilikwenda mara moja tu, siku ya kumi na saba, kwa sababu siku zote nyingine nilifika njia panda nikarudi. Nilibeba unga na chumvi, na maneno niliyokuwa nimeyatunga vizuri. Watu walikuwa wamejenga vibanda kwa maturubai na kwa milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao. Harufu ilikuwa mbaya. Mtoto wa pili wa Louis alikuwa akiharisha, amelala juu ya mkeka. Maneno yangu yote nikayasahau.

"Louis, unisamehe," nilisema.

"Bado," alisema. Hakuwa na hasira. "Bado, Kalenga."

Akanisogezea nafasi kwenye ukingo wa kitanda, nikakaa. Alikuwa amekonda. Tulitazama reli, ambayo hakuna kitu kilichokuwa kikija juu yake. Baadaye akaniuliza, kwa ile sauti yake ya karakanani, sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Mi nilizaliwaka hapa. Tata alikufa bila kunipeleka hata siku moya. Weye unajua maisha ya Petit Courant yote. Uniambie, Luputa iko namna gani?"

Najua gita la kwanza la Petit Courant lilikuwa na nyuzi nne. Najua rangi ya shati alilovaa Kisenge mwaka 1974, najua jina la daktari aliyemfunga kidole. Lakini Luputa kwangu lilikuwa neno tu, neno la kumshindia Muteba. Sikujua kama kuna mto. Sikujua kama udongo wake ni mwekundu au mweusi, wala kama mtu akishuka pale na kitanda na watoto watatu anageuka kulia au kushoto.

"Sijue," nilisema.

Adolphine alikuwa amepiga magoti kando ya mtoto, akimpa maji kwa kijiko. Aliinua kichwa akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Basi, tata Kalenga," alisema, "ulitutuma wapi?"