Kambare wa Shemeji

Fulgensi alishuka kwenye treni ya TAZARA pale stesheni ya Ifakara akiwa amekumbatia kitu cha mraba kilichoviringishwa blanketi, na watu waliomwona walidhani amerudi na televisheni. Ulikuwa mwaka 1995, mpunga bado mbichi mashambani. Dada yake, Brigitha, aliyekwenda kumpokea, hakuutazama mzigo. Alitazama jinsi kola ya shati ilivyomzidi shingo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona hukutuambia kama unaumwa hivi?"

"Ningewaambia nini?"

Ndani ya blanketi mlikuwa na tangi la kioo la kufugia samaki. Kwa miaka mingi Fulgensi alikuwa mtumishi katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja huko Dar es Salaam, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutunza samaki wa pale sebuleni. Alipoanza kukohoa na kukonda, mwenye nyumba alimwambia aende kwao akapumzike, na akamruhusu achague kitu kimoja cha kuondoka nacho. Mwingine angechukua redio. Yeye alichukua tangi dogo lililokuwa na ufa pembeni, akauziba mwenyewe kwa gundi, akalipakata njia nzima.

Ildefonce, mume wa Brigitha, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na asiye mkatili. Alimtazama shemeji yake mara moja tu, akajua. Nani asingejua? Miaka ile hapakuwa na ukoo ambao haujamzika kijana aliyerudi kutoka mjini akiwa mifupa mitupu.

"Huyu amekanyaga miwaya, ana ule ugonjwa," alimwambia mkewe uani, kwa sauti ya chini. "Simfukuzi, ni ndugu yako. Lakini hapa kuna mtoto. Alale stoo. Awe na kikombe chake, sahani yake na beseni lake. Na Odilia asiingie humo."

Brigitha alikubali. Alikubali upesi kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye, kwa sababu hata yeye aliogopa.

Basi wakatoa magunia stoo, wakaweka kitanda cha kamba na meza chini ya dirisha. Juu ya meza Fulgensi akaweka tangi lake. Akamwomba dada yake mchanga wa mtoni, akauosha na kuuosha mpaka maji yakatoka meupe. Akaomba majani yanayoota ndani ya mifereji ya mpunga, akayapanda mchangani moja moja, akipumzika kila baada ya muda. Maji ya kisima aliyaacha yatulie kwanza kabla ya kutia samaki. Brigitha alimtazama akifanya hayo yote, akaona kwamba wakati mikono yake ina kazi hakohoi sana.

"Sasa samaki," Fulgensi alisema. "Nenda kivukoni kwa wavuvi. Lakini usiniletee samaki yeyote tu. Kwanza mtazame mdomo. Samaki ambaye mdomo wake unamwenea mwenzake, atammeza. Hana chuki naye, ni njaa tu."

"Kwa hiyo wote wawe wadogo?"

"Wawe wa kimo kimoja, na wawe wachache, kwa kuwa hatuna mashine ya kuwapulizia hewa. Perege wadogo ni wazuri, ila madume wawili hawakai pamoja. Njuju, wale wembamba wanaong'aa kama fedha, hao waje kundi. Njuju akiwa peke yake anakufa kwa woga. Na ngogo mmoja mchanga wa kukaa chini, ale makombo. Ngogo ana miiba, hakuna atakayemgusa."

"Na kambare? Kambare hafi ovyo."

"Kambare hapana, dada. Kambare hafi, lakini wenzake wote watakufa."

Mvuvi aliyewapata samaki hao aliitwa Kasmiri. Aliwatia kwenye ndoo ya Brigitha huku akicheka. "Mama Odilia, hawa hata paka hashibi!" Brigitha hakumweleza. Alirudi nayo Ifakara taratibu, jani la mgomba likiwa limefunika maji yasimwagike.

Siku za mwanzo perege mmoja aliwafukuza wenzake kutoka pembe hadi pembe, akawararua mapezi. Fulgensi alimwonyesha kwa kidole. "Huyo ndiye dume. Anataka eneo lote liwe lake. Mtoe."

"Nimrudishe mtoni au nimkaange?"

Fulgensi alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu arudi, nacho kilimalizikia kwenye kikohozi kirefu. Lakini alicheka.

Odilia alikuwa na miaka sita. Aliambiwa asiingie stoo, hakuambiwa asichungulie. Alipindua kinu chini ya dirisha, akapanda juu yake, na kila asubuhi uso wake ulikuwa pale upande wa pili wa tangi. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu. Wahesabu, wamebaki wangapi?" Mtoto alihesabu, na njuju hawatulii, kwa hiyo kila siku idadi ilikuwa nyingine.

Siku Ildefonce alipomkuta pale hakumpiga. Alimshusha, akaenda kuleta mbao, nyundo na misumari, akaliziba lile dirisha. Fulgensi alikuwa amelala ndani huku misumari ikigongwa karibu na kichwa chake. Brigitha alisimama mlangoni na ungo wake mkononi. Majirani nao walikuwa wameacha kuchota maji kwenye kisima chao, wakisema maji ya wale samaki yanarudi humo na ugonjwa. Angesema nini, na kwa nani?

Bila mwanga, majani ndani ya tangi yaligeuka manjano. Fulgensi hakulalamika. Alikuwa hawezi tena kusimama, na ni Brigitha aliyepunguza maji machafu kila asubuhi na kuongeza masafi, akimulika kwa koroboi ili aone samaki kama wazima. Walikuwa wazima. Yeye ndiye aliyekuwa anakwisha.

Mpunga ukakomaa. Shamba lilikuwa Katindiuka, na mwaka ule ndege na wezi walikuwa wengi, ikabidi Brigitha alale huko kwenye kibanda pamoja na Odilia. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumlisha mgonjwa. Ildefonce alisema, "Nenda. Nitampa uji."

Brigitha alirudi asubuhi moja, kama alivyopatana na mumewe, kuchukua chumvi na kumwona ndugu yake. Mumewe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Mang'ula, ambako alipata kazi ya kupaua nyumba. Alipofungua stoo alishangaa kukuta mwanga. Mbao zilikuwa zimeng'olewa. Dirisha lilikuwa wazi, na jua limefika mpaka kitandani. Moyo ulimruka kwa furaha.

Kisha akaona tangi. Maji yalikuwa tope tupu, majani yote yameng'oka. Juu ya maji alielea kambare mnene, mrefu kama mkono wa mtoto, tumbo juu na mdomo wazi. Ndani ya mdomo mlionekana mkia wa ngogo, na mwiba wake ulikuwa umetoboa koo la kambare ukatokea nje. Perege hawakuwamo. Njuju hawakuwamo.

"Nani kafanya hivi?"

"Shemeji," Fulgensi alijibu. Ilibidi Brigitha ainame ili amsikie. "Aliniletea uji. Akaketi hapa, dada, hapa kitandani. Akaniinua kichwa, akaninywesha. Akasema, humu giza sana, akatoka kuleta nyundo, akang'oa zile mbao. Jana jioni akaja na huyo kwenye ndoo. Akasema, shemeji, nimekuletea mwenzao, nimekuchagulia mkubwa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilimshukuru. Miezi yote hii hajawahi kuingia. Sasa kaingia, halafu nimwambie atoe samaki wake?" Alifumba macho, akapumzika. "Nilidhani labda huyo kambare ameshiba."

Brigitha alimvutia shuka hadi kifuani.

"Halafu nilishindwa kuinuka. Niliwasikia tu wakigonga kioo. Usimwambie, dada."

Aliwazika wale samaki wawili nyuma ya migomba, akamwaga maji, akaliosha tangi na kulifunika kwa kanga. Hakurudi shambani. Alimtuma jirani amlete Odilia, aliyebaki na wanawake wa shamba la pili, na mtoto alipofika akamwacha aingie stoo amshike mjomba wake mkono. Mtoto aliuliza samaki wako wapi, na mama yake akamwambia wamerudi mtoni. Siku chache baadaye, kabla ya adhuhuri, Fulgensi akafariki.

Ildefonce alirudi kwa treni siku hiyohiyo. Alikuwa na mbao za mninga alizoziweka kwa ajili ya kabati la mteja. Akazikata zote, akatengeneza jeneza, na hakumruhusu mtu amsaidie. Kaburini alishika jembe kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata viganja vikachubuka.

Siku ya tatu ya matanga alimfuata mkewe jikoni.

"Wale samaki wako wapi?"

"Niliwarudisha mtoni."

"Na yule wangu?" Alisogea karibu. "Alimpenda?"

Brigitha alikuwa akichochea moto. Alisukuma kuni ndani, kisha akainua uso.

"Alimpenda sana. Alisema umechagua vizuri."

Ildefonce aliguna mara moja, kisha akakaa chini pale penye majivu akalia kwa sauti, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakipika.

Miaka iliyofuata, kila alipowasimulia wageni habari za shemeji yake, hakuacha kumtaja yule kambare: jinsi alivyokuwa mkubwa, jinsi alivyomtafuta kivukoni, jinsi mgonjwa alivyofurahi. Na kila alipofika hapo, Brigitha aliinuka akaenda kutazama moto.