Mkaja wa Mkononi

Mkono wa kushoto wa Bi Adila ulikuwa umeanza kunguruma. Si mngurumo wa kusikiwa na mtu aliye mlangoni, hapana, ni wa kuguswa. Ukiweka vidole viwili juu ya ngozi, chini kidogo ya kiwiko, unausikia unatetemeka huko ndani kama koo la paka aliyeshiba. Mumewe, Mzee Kibwana, alipougusa mara ya kwanza aliondoa vidole haraka, akasema mkewe kaenda Dar es Salaam kutibiwa karudi na simu ndani ya nyama, sasa tungoje tuone nani atapiga.

Figo za Bi Adila zilikuwa zimechoka, damu yake ikawa inasafishwa kwa mashine. Mpaka wakati huo damu ilipita kwenye mpira uliotumbukizwa katika mshipa wa shingo, na mpira huo ulimtesa. Ulimletea homa za kutikisa kitanda. Mishipa yake ya mkononi ilikuwa myembamba, haifai kuchomwa zile sindano nene, basi daktari akampandikizia mrija wa bandia chini ya ngozi, mlaini, umepinda kama kishikio cha ndoo. Ncha moja imeungwa na mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, ncha ya pili na mshipa unaoirudisha. Kidonda kikipona, sindano zitaingia kwenye mrija, na mpira wa shingoni utatolewa uende zake.

Muuguzi alimpa masharti. Asiulalie mkono ule, asibebee kitu, asikubali kupimwa presha hapo wala kufungwa kitu cha kubana, na kila akiamka auguse. Ukinguruma anywe chai yake kwa raha. Ukinyamaza, damu inaganda ndani, asingoje kesho. Tena akaambiwa kwamba mahali pa kupandikiza mrija mwingine mwilini mwake si pengi.

Mkono ulivimba. Daktari alikuwa keshasema utavimba, auinue juu ya mto, utashuka wenyewe. Bi Adila hakuwa na haraka. Watu wa mtaani walikuwa wakimjua kwa hilo: hata chungu cha maharage kikimgomea jikoni, yeye hukaa kando yake akisuka ukili, hana neno.

Ndipo alipokuja Bi Swaumu kutoka Makurunge.

Bi Swaumu alikuwa somo yake, ndiye aliyemfunda alipokuwa mwali. Kila alipojifungua, Bi Swaumu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto na kumfunga mkaja, kile kitambaa kirefu anachofungwa mzazi ili tumbo lake lirudi. Na matumbo aliyoyafunga Bi Swaumu yalirudi kweli, wanawake wa huko kwao walimpigia mfano. Sasa alikuwa bibi mkongwe, lakini mikono yake ilikuwa na nguvu zilezile. Alifika na chupa ya uji wa pilipili manga, ule wa wazazi. Bi Adila akamwamkia, akanywa mafunda mawili tu kwa sababu maji nayo amepimiwa, akamwambia mbona yeye hakuzaa.

"Kulala na kidonda na kuzaa ni mamoja," alisema Bi Swaumu, kisha akauona mkono. "Nani kakuacha hivi, mwali wangu? Mkono umetuna, na huyu mwanamume yumo ndani anakutazama tu."

Mzee Kibwana akajitetea kwamba daktari kasema uvimbe utashuka wenyewe. Bi Swaumu akamjibu kwamba hajaja kumwona daktari. Akauweka mkono wake juu ya mrija, akausikia unavyotetemeka, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kisha akatoa mkaja mkobani. Akapasha mafuta ya nazi, akapaka taratibu kuzunguka kidonda bila kukitonesha, akaanza kuzungusha kitambaa kutoka kiganjani kupanda juu, akikaza kila mzunguko, na karibu na kwapa akapiga fundo.

Bi Adila aliyakumbuka masharti, lakini neno la kumkatalia somo yake hakuwa nalo. Tangu uwali wake hajawahi kulitamka. Tena mikono ile ilikuwa na raha yake, ilimrudisha kwenye siku za uzazi, watoto wachanga na moshi wa udi. Macho yakalegea, usingizi ukamchukua.

Alizinduliwa na adhana ya alasiri. Vidole vilikuwa vya baridi, vimekufa ganzi. Akapenyeza kidole chini ya kitambaa mpaka kwenye mrija, akatulia, akasikiliza kwa ncha ya kidole.

Kimya.

Uani Bi Swaumu alikuwa akimcheka Mzee Kibwana jinsi anavyopaa samaki. Bi Adila akawaza. Akimwita mumewe, mumewe atafoka, na somo yake ataaibika katika nyumba aliyokuja kwa wema. Akijaribu kufungua mwenyewe, fundo la Bi Swaumu si la kufunguliwa kwa mkono mmoja. Angoje bibi aage aende zake? Kungoja ndiko alikokuzoea maisha yake yote. Siku ile akaona kungoja kutampoteza.

"Somo, njoo unifungue."

Bi Swaumu akaja akijifuta mikono. "Hata jua halijashuka. Leo mwali ananifundisha mkaja?"

"Sikufundishi. Nifungue kwanza, kisha unigombeze utakavyo."

Bi Swaumu akabaki amesimama, midomo kaibana. Bi Adila hakubishana naye. Alimshika mkono, akamwingiza vidole chini ya kitambaa, akavilaza palepale bibi alipougusa mrija kabla ya kuufunga. Bi Swaumu akatafuta. Akasogeza vidole, akatafuta tena. Uso ukambadilika.

"Umenyamaza," akasema polepole.

"Umenyamaza, somo."

Fundo lilikuwa limelowa mafuta, vidole vikateleza. Akajaribu meno, nayo hayakuwa mengi. Akamwita Mzee Kibwana alete makasi. Mzee Kibwana alipoona ni mkaja wenyewe, ule wa miaka na miaka, akasita.

"Kata," alisema Bi Swaumu. "Vitambaa viko sokoni."

Kitambaa kikaanguka, kikaacha mistari kwenye nyama. Wote watatu wakainamia mkono ule. Vidole vikaanza kupata joto. Baada ya kitambo mrija ukatikisika, kwa unyonge sana, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kibiriti. Mzee Kibwana akampigia muuguzi simu. Muuguzi akasema hata kama umerudi, njooni sasa hivi. Wakaazima gari la jirani, na wa kwanza kuingia alikuwa Bi Swaumu.

Daktari aliweka kipimo chake juu ya mkono, akasikiliza kwa muda, akasema damu inapita vizuri, wamewahi. Akauliza nani aliyeufunga. Bi Adila alikuwa akitafuta namna ya kujibu, somo yake akamtangulia.

"Mimi. Niliufunga kama uzazi."

Daktari hakumgombeza. Alimvisha kile kipimo masikioni asikilize, akamweleza kwamba tumbo la mzazi linataka kukazwa, lakini mrija unataka njia tu. Bi Swaumu alisikiliza damu ya mwali wake ikivuma, akasema ameelewa.

Hakurudi Makurunge mpaka uvimbe uliposhuka. Akakaa mlangoni, kila aliyekuja kutoa pole akaambiwa amshike mgonjwa mkono wa kulia, na aliyetaka kuusikia mngurumo akanawe kwanza. Mzee Kibwana alilalamika kwamba hata yeye anaulizwa kanawa lini.

Siku mrija ulipochomwa sindano kwa mara ya kwanza, Bi Swaumu alikaa kando ya mashine. Damu ilizunguka na kurudi bila taabu, na muuguzi akasema mambo yakiendelea hivi mpira wa shingoni utatoka karibuni. Sindano zilipochomolewa, muuguzi akakandamiza pamba kwenye matundu.

"Usimkaze, mwanangu," alisema Bi Swaumu.

Muuguzi akamtazama Bi Adila, akitaka kujua bibi huyu ni nani.

"Msikilize," alisema Bi Adila. "Kwa kukaza, hapa hakuna anayemfikia."

Bi Swaumu akamfinya paja. Mkono hakuugusa.